Kulala kando ya Rufiji au kando ya Ruaha Mkuu: kipi kikufae, na mwezi gani

Maji ni yaleyale. Yanayotoka bonde la Usangu na kupita mbele ya mabanda ya Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ndiyo yanayoshuka bwawa la Mtera, yakapita la Kidatu, kisha yakaungana na Rufiji juu kidogo ya lilipojengwa bwawa la Julius Nyerere. Lakini mtu aliyelala wiki nzima ukingoni mwa Ruaha Mkuu, akajiona amehitimu mambo ya kambi za mtoni, akifika Rufiji anaanza darasa la kwanza. Joto la kule si la huku, udongo wa kule si wa huku. Hata mkate unaharibika kwa namna mbili tofauti: Ruaha, siku ya tatu umekauka unaliwa kwa kuchovya kwenye chai, Rufiji, siku ya tatu umeota ukungu.

Ulinganisho huu ni wa msafiri mwenye gari, lake au la kukodi, anayetaka kulala usiku mbili hadi nne katika Hifadhi ya Taifa Nyerere (ndiko unakopita Rufiji, na ilimegwa kutoka Pori la Akiba Selous mwaka 2019) au Hifadhi ya Taifa Ruaha (iliyoanzishwa 1964). Hatulinganishi wanyama kwa idadi. Kote kuna simba, tembo, viboko na mamba wa kutosha kumkosesha usingizi mgeni wa mara ya kwanza. Linalotofautisha safari nzuri na mbaya kwenye kambi hizi ni mambo matatu: mto una maji kiasi gani mwezi huo, joto ni la aina gani, na gari lako litafika na kutoka?

Mto wenyewe

Rufiji hauishi maji. Oktoba unapungua, vichanga vyeupe vinajitokeza katikati, lakini mkondo unaendelea, na ndiyo maana shughuli kubwa ya huko ni boti. Boti ya bati yenye injini ya nyuma huwachukua watu sita hadi wanane kwa saa mbili au tatu, alfajiri au kuanzia saa 10 jioni. Mnapita karibu na makundi ya viboko, mamba wamelala midomo wazi kwenye kichanga, na kuta za ukingo zimetobolewa matundu kama chekeche na ndege wala-nyuki. Miti ya mivumo imesimama mingine ikiwa imekufa, vichwa vimekatika, tai wala samaki juu yake. Anayependa maji kuliko barabara asihangaike kulinganisha zaidi: aende Rufiji.

Ruaha Mkuu ni hadithi nyingine. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, kwa sababu maji mengi yanaishia kwenye skimu za mpunga za Usangu kabla hayajafika. Kwa hiyo anayekodi kambi ya "mtoni" mwezi Oktoba anaweza kufungua hema asubuhi akaona mchanga mtupu upana wa uwanja wa mpira, na madimbwi machache ya kijani yenye viboko waliobanana mgongo kwa mgongo. Wapo wanaoona wametapeliwa. Wengine ndicho wanachokifuata, kwa sababu maji yakibaki madimbwi, kila mwenye kiu lazima apite hapo. Kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi tembo huchimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yachuruzike, wanakunywa, wakiondoka nyani na ndege wanarithi kisima. Ukiegesha gari kivulini, ukazima injini na kukaa saa moja mbele ya shimo kama hilo, utaona mengi kuliko aliyezunguka kilomita 60.

Kwa ufupi: Rufiji unaufuata mto, Ruaha unawasubiri wanaoufuata mto.

Joto: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mtu anaangalia simu, anaona nyuzi 34 Mloka (kijiji kilicho jirani na Mtemere, lango la Nyerere) na nyuzi 36 Msembe, anasema Mloka afadhali. Hapana. Eneo la Mtemere liko chini sana, bado ni nyanda za karibu na pwani, na hewa yake imebeba unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Usiku wa Desemba au Januari joto halishuki la maana, na ndani ya hema lililofungwa ni jiko. Msembe iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Mchana wa Oktoba hupita nyuzi 35 na jua linachoma kweli, ila kivulini chini ya mgunga unapumua, na usiku unashuka. Juni na Julai usiku wa Ruaha unataka sweta na blanketi, jambo linalowashangaza watu wa Dar waliobeba shuka moja.

Tofauti hii inabadilisha mbinu zote za kujipoza. Ruaha, chukua chupa ya maji, ivike soksi nzito ya pamba, iloweshe, ining'inize kwenye tawi penye upepo. Baada ya saa moja maji yana ubaridi wa mtungi. Khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ukijifunika nayo saa 8 mchana, inakufanya ulale. Mtungi wa udongo unafanya kazi yake vizuri. Fanya mambo hayohayo Rufiji mwezi Januari: chupa itabaki vuguvugu, na khanga itakupa baridi ya dakika tano kisha itakuwa kitambaa cha moto kilicholowa. Kule kinachosaidia ni upepo tu. Hema liwe na nyavu pande mbili zinazotazamana, mlango uelekezwe upepo unakotoka, na turubai la juu liinuliwe angalau sentimita 30 kutoka kwenye paa la hema ili hewa ipite katikati. Feni ndogo ya kuchaji ni mzigo wa kwanza kuingia begini, wala si anasa.

Kwa wenye kisukari hili si suala la starehe. Vile vipochi vya insulini vinavyoloweshwa maji vinapoza kwa kukauka, kwa hiyo vinafanya kazi vizuri Ruaha na vibaya Rufiji wakati wa unyevu. Rufiji unahitaji deli lenye barafu, au kambi yenye friji inayowaka usiku kucha. Na kote kuwili, usiache dawa, mtungi wa gesi au betri ndani ya gari lililofungwa juani.

Wazee, wenye shinikizo la damu na watoto wachanga: kati ya Novemba na Machi, Rufiji si pa kuwapeleka kwenye hema la kawaida. Juni hadi Agosti, sawa kabisa.

Njia, gari na mafuta

Kwenda Rufiji kutoka Dar es Salaam ni barabara ya Kilwa mpaka Kibiti, lami, kisha vumbi hadi Mloka na lango la Mtemere. Jumla ni takribani kilomita 250, saa sita hadi saba kiangazi. Njia ya pili ni Morogoro, Mvuha, Kisaki hadi lango la Matambwe. Kwenye ramani inavutia, inapita ubavuni mwa Uluguru, lakini inachosha gari na dereva, na mvua ikinyesha milimani unaweza kukwama. Inafaa kama unataka kuingia lango moja na kutokea jingine, si vinginevyo.

Kwenda Ruaha ni mbali zaidi lakini rahisi zaidi. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500 za lami, na hesabu mizani, malori ya Zambia na kupita katikati ya Mikumi ambako tochi za trafiki hazilali. Lala Iringa. Kesho yake kilomita 130 hadi Msembe, saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo Ruaha inakula siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Mwenye mapumziko ya siku tatu tu asijidanganye.

Gari linakwama kote kuwili, ila kwa sababu tofauti. Ruaha adui ni mchanga wa mito. Dawa yake inajulikana: punguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 25 hivi, ingia gia nzito ya foo-wili kabla ya kushuka mchangani, nenda mwendo mmoja bila kukanyaga ghafla, usisimame katikati. Ukiona tairi zinazunguka bila gari kusogea, acha mara moja, kwa sababu kila mzunguko unalishusha zaidi. Shuka ufukue kwa koleo na uweke mbao au mikeka ya gari mbele ya tairi. Lakini usishuke kabla ya kutazama pande zote nne. Ukishatoka, jaza upepo tena, maana tairi legevu kwenye changarawe linapasuka ubavu. Kwa hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri ni lazima, si hiari.

Rufiji adui ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi umepasuka nyufa na ni mgumu kama zege. Mvua ya nusu saa tu, unageuka gundi: unajaza mikunjo ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mpira wa miguu, gari linateleza kiubavu hata likiwa foo-wili. Kupunguza upepo hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni subira. Ukinyeshewa, egesha palipoinuka, subiri jua la saa tatu au nne, ndipo uendelee. Wanaojaribu kupita kwa nguvu ndio wanaolala njiani.

Mafuta: jaza Kibiti kwa Rufiji, Iringa kwa Ruaha. Vijijini petroli na dizeli huuzwa kwa madumu, bei juu na usafi wake ni bahati. Piga hesabu hivi. Land Cruiser la dizeli ndani ya hifadhi hufanya kama kilomita 6 kwa lita. Ruaha: kilomita 260 kwenda na kurudi Iringa, jumlisha 100 kwa siku mara siku tatu, ni 560, yaani lita 93. Rufiji: kama kilomita 220 kwenda na kurudi Kibiti, jumlisha 80 kwa siku mara mbili, ni 380, yaani lita 63, maana siku moja mtakuwa botini. Ongeza lita 20 za akiba kwenye dumu la chuma.

Wanaokwenda kwa ndege ndogo: Dar hadi Mtemere ni chini ya saa moja, Msembe ni saa kadhaa kwa sababu ndege hutua njiani. Mzigo ni kilo 15 kwa kawaida, begi laini lisilo na fremu. Kwa hiyo hema na jiko visahau. Ndege ni ya wanaolala kwenye kambi za mahema ya kudumu.

Ndani ya lango au nje?

Kibali cha kuingia kinahesabiwa saa 24. Malipo yanafanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa kadi au simu, langoni hawapokei fedha mkononi. Utalipia mtu, gari, na kulala, kila kimoja peke yake. Boti na askari wa kutembea naye kwa miguu ni nyongeza. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa kiwango chao, kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, ila kitambulisho kiwepo: Mkenya au Mganda aliyesahau pasipoti au kitambulisho nyumbani anaweza kulipishwa kama mtu wa Ulaya.

Saa 24 zitumie kwa akili. Ukiingia saa 2 asubuhi na kutoka kesho yake saa 2, asubuhi ya pili inaliwa na kufunga hema. Ukiingia saa 7 mchana, unapata jioni nzima, unapata alfajiri nzima ambayo ndiyo saa ya simba, unakula chai ya saa 4 kambini, unatoka saa 6 bila presha.

Ruaha, hoja ya kulala ndani ni nzito. Kambi ya umma na mabanda ya Msembe viko ukingoni mwa mto, na tembo hupita kambini kama wenye mji, maana ndio wenye mji. Kambi za nje ziko Tungamalenga, kama kilomita 20 kutoka langoni, kando ya mto mdogo wa jina hilohilo. Ni nafuu, kuna maduka, kuna wali maharage, na watoto wanaweza kukimbia. Lakini lango linafunguliwa saa 12 asubuhi, na ukijumlisha mwendo, unafika mtoni jua limeshapanda. Tungamalenga inafaa kwa familia, na kwa aliyefika jioni sana kutoka Iringa.

Rufiji hesabu inageuka. Kambi za umma za ndani zinazojulikana, penye daraja la Beho Beho na kwenye ziwa Tagalala, haziko ukingoni mwa Rufiji wenyewe. Zinazokaa ukingoni ndani ya hifadhi ni kambi za kitalii za bei kubwa. Nje, Mloka, kilomita chache kutoka langoni, kuna kambi kadhaa zilizo juu ya ukingo wa Rufiji kabisa: unalala unasikia viboko, unakula kambale au perege aliyevuliwa leo, na boti inaanzia mlangoni. Kwa hiyo kwa mwenye mfuko wa kawaida ushauri wetu ni kinyume cha Ruaha: lala Mloka, siku moja boti, siku moja ingia hifadhini tangu lango linapofunguliwa. Tagalala lala kama unataka maziwa, chemchemi ya maji moto iliyo karibu, na ukimya wa kweli. Uliza mapema kama mahali unapopewa panahitaji askari mwenye bunduki, na mkubaliane atakula nini na atalala wapi. Watu husahau hilo, kisha askari wa watu anashinda na biskuti.

Kuna pia kambi maalumu, kote kuwili: unapewa eneo peke yako, halina choo wala bomba, na huwekwa nafasi mapema. Ni za waliokwisha kufanya hili mara kadhaa.

Kusimika hema

Usisimike kwenye njia ya kiboko. Inatambulika hivi: ni mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba na katikati kuna tuta la majani, kwa sababu miguu yake imeachana. Inatoka majini moja kwa moja kwenda malishoni. Kiboko anayerudi mtoni alfajiri akikuta hema kwenye njia yake hazunguki. Kaa angalau mita 50 kutoka ukingoni, na hema lisiwe kati ya majani na maji.

Rufiji, kichanga kilicho chini ya ukingo kinavutia sana, ni laini na kina upepo. Usilale hapo. Ni kitanda cha mamba, na maji yanaweza kupanda usiku bila mvua yoyote kunyesha ulipo, kwa kuwa mto sasa unategemea pia yanavyofunguliwa bwawani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaondoa watu wengi makwao Rufiji na Kibiti. Mto ule ukiamua, ukingo si mpaka.

Ruaha angalia juu. Mgunga mkubwa unaoangusha maganda yaliyojikunja, kati ya Agosti na Oktoba, ni meza ya tembo. Kivuli chake ni kizuri mchana, usiku unakaa katikati ya chakula cha mwenyewe. Mwegea nao unaangusha matunda ya kilo kadhaa, lipo lililovunja kioo cha gari. Mbuyu hauna tatizo, ila angalia mizinga ya nyuki kwenye mapango yake kabla ya kuwasha moto chini.

Matunda yote, hasa machungwa, ndimu na maembe, hayaingii hemani. Tembo ananusa chungwa kupitia kitambaa kama hakipo. Chakula kikae ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kwa ajili ya nyani na ngedere ambao wamesoma zipu zote. Usiku weka ndoo yenye kifuniko ndani ya hema. Choo cha mita 40 saa 8 usiku si cha kwenda. Ikibidi, washa tochi, mulika mduara mzima kwanza, ndipo uweke mguu nje, na kiatu kikung'utwe kwa ajili ya nge.

Maji, barafu, sahani

Kisio la kuanzia ni lita 10 kwa mtu kwa siku: tano za kunywa, zilizobaki za kupika na kujisafisha. Watu wawili usiku tatu ni lita 60, madumu matatu ya lita 20. Kambi zenye bomba hupunguza mzigo, lakini pampu huharibika, na Ruaha ya Oktoba si mahali pa kwenda na dumu moja ukitegemea bomba. Mtu akikojoa mara mbili tu kutwa na mkojo umekolea, hajanywa vya kutosha. Beba pakiti za ORS, moja kwa lita moja ya maji. Zikiisha, sukari vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo kwa lita moja. Chumvi isizidi.

Usinunue mabonge ya barafu. Gandisha chupa za lita moja na nusu nyumbani au hotelini, zijaze deli mpaka juu. Zikiyeyuka ni maji ya kunywa, na chakula hakiogelei. Deli likifunguliwa mara tatu kwa siku Ruaha linafika siku ya tatu, Rufiji usitegemee zaidi ya mbili. Nyama kwa hiyo iwe ya usiku wa kwanza. Ruaha nunua viazi, vitunguu na nyanya soko la Iringa, ni nzuri na zinadumu. Rufiji nunua samaki Mloka, na mapishi yafanyike kambini nje ya hifadhi. Gesi ya kilo 6 inawatosha watu wanne kwa siku nne na inabaki. Kiberiti cha njiti kinapata unyevu Rufiji. Beba cha gesi.

Mbung'o na mbu

Mbung'o wapo kote, ila Nyerere wanakera zaidi, hasa ukipita kwenye miombo na vichaka. Wanafuata kinachosogea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi nyumbani. Vaa kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo. Dawa za kupaka za dukani haziwatishi sana. Hapa kuna jambo ambalo wanaokodi magari hawaliulizi: vioo vikifungwa kwa ajili ya mbung'o na gari halina kiyoyozi, mtapikwa. Kwa Nyerere, kiyoyozi kinachofanya kazi ni kigezo cha kukodi gari. Kwa Ruaha, kando ya mto karibu na Msembe ni pa wazi na wengi hutembea vioo vimeshushwa.

Malaria ipo kote. Chandarua chenye dawa, na uongee na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, hasa anayetoka nyanda za baridi au Ulaya na Ghuba ambaye mwili umeshasahau. Homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, kapime, na umwambie daktari ulikuwa wapi.

Kabla ya kulipia kambi ya mahema ya kudumu

Picha za mtandaoni zote ni jioni, glasi mkononi. Uliza haya. Feni inazunguka mpaka asubuhi, au sola inazimwa saa 5 usiku? Hilo ni swali la kwanza kwa Rufiji. Kuta ni kitambaa, matofali au bati? Banda la bati linashika joto mpaka saa 4 usiku. Boti wana maboya ya ukubwa wa mtoto? Mtoto wa umri gani anaruhusiwa kutembea kwa miguu na askari? Na kwa Ruaha, waulize waziwazi: mwezi huo, mbele ya kambi kuna maji au mchanga? Mwenye kambi mwaminifu atakujibu bila kuzunguka.

Mwezi

Juni hadi Agosti, nenda Rufiji. Joto limelegea, udongo umekauka, mto bado umejaa vya kutosha. Ruaha wakati huo ni nzuri pia, na baridi ya usiku, lakini wanyama bado wametawanyika. Septemba na Oktoba, Ruaha bila kusita, pamoja na mchanga wake. Kama una wiki mbili, malizia Rufiji kwa boti. Novemba joto liko kileleni kote na watu wenye hasira za haraka wasisafiri pamoja. Desemba hadi Machi, Ruaha imekuwa kijani, ndege ni wengi, mto umerudi. Barabara za ndani nyingine zimefungwa na majani yanaficha wanyama. Rufiji kipindi hicho ni cha wenye feni na subira.

Aprili na Mei kambi nyingi za Rufiji hufungwa na barabara ya Mloka haitabiriki. Mwenye likizo ya Pasaka tu, na hawezi kuisogeza, alale Tungamalenga, aulize langoni kila asubuhi ni barabara zipi zinapitika, na asiingie na gari moja peke yake.